Shangazi, nilitia sahihi karatasi ya kumtoa jirani yangu nesi, sasa silali

Assalaam aleykum Shangazi,

Naandika usiku kila mtu kalala, stima imepotea na simu imebaki chaji kidogo, kwa hivyo nitayatoa tu vile yanavyonijia na unisamehe nikichanganya.

Sisi twaishi Mji wa Kale hapa Mombasa, upande wa Kibokoni, nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, wapangaji ni familia saba. Ngazi ni moja tu, ya mbao, nyembamba, mkikutana watu wawili mmoja lazima ajibandike ukutani ndo mwenzake apite. Tangi la maji ni moja liko uani chini, kila mtu achota kwa ndoo apandishe mwenyewe, na juu kabisa kuna paa la kuanikia nguo. Mwenye nyumba yuko Maskati miaka mingi, nyumba yaangaliwa na nduguye ambaye sote twamwita Ami, yeye anakaa hapo chini karibu na mlango mkubwa.

Tangu tarehe 6 mwezi huu wa Mei 2020 serikali ilipotufunga kwa sababu ya korona, hakuna kutoka hakuna kuingia Mji wa Kale, tulisema ni siku 15 tutavumilia, juzi wakaongeza tena mpaka tarehe 6 Juni. Baba watoto alikuwa kashakwenda Malindi kwa kazi ya rangi mwanzo wa Aprili, njia zikafungwa tarehe 8 akiwa hukohuko, mpaka leo hajarudi. Mimi nilikuwa nauza viazi vya karai na kachri hapo mlangoni jioni, sasa biashara hakuna, na kodi ya Aprili yote elfu tisa sijalipa, ya Mei ndo usiseme.

Haya. Kufungwa kulipoanza Ami akafungua grupu la WhatsApp la nyumba akasema twahitaji sheria, na mimi nilifurahi wallahi, manake watu walikuwa wakipandana ngazini bila barakoa, watoto mbio juu chini kutwa kwa sababu shule zimefungwa tangu Machi, na ndani nina mama mkwe wa miaka 74 mwenye kisukari. Akaja na karatasi kaiandika kwa wino mwekundu, akapita nayo mlango kwa mlango baada ya futari kila mtu atie sahihi, kisha akaibandika nyuma ya mlango mkubwa. Inasema mlango ufungwe saa kumi na mbili jioni na ufunguo ukae kwake yeye peke yake, mgeni asiingie hata awe mamako mzazi, watoto wasionekane ngazini, maji ni ndoo nne kwa familia tena kwa zamu, nguo zianikwe kwa zamu, sahani ya chakula isitoke nyumba moja kwenda nyingine hata kama ni mwezi wa Ramadhani. Mpaka hapo nikasema sawa. Lakini namba saba, nakuandikia neno kwa neno: "Mpangaji yeyote afanyaye kazi hospitali ahame kwa muda mpaka ugonjwa uishe, na akikataa asitumie tangi wala asipite ngazini watu wakiwa macho." Haikutaja jina, lakini Shangazi hapa anayefanya kazi hospitali ni mmoja tu.

Ni dada wa bara, yuko peke yake chumba cha juu kabisa mkabala na mlango wa paa, mwaka wa tatu sasa, hana maneno na mtu. Mwezi wa Februari mwanangu wa pili alibanwa na pumu saa nane za usiku, baba yake yuko hapa lakini kachanganyikiwa kama mimi, ni yeye aliyeshuka na leso mabegani, akamkalisha mtoto wima, akamshika mkono akimhesabia pumzi polepole huku baba akitafuta tuktuk, na akaenda nasi mpaka hospitali na asubuhi akaingia kazini bila kulala. Huyo ndo niliyemtilia sahihi.

Nilitia kwa sababu Ami alisimama mlangoni kwangu na mama mkwe akasema kwa sauti "tia, tia, watuletea ugonjwa hawa," na mimi nina deni la kodi, nikatia. Nilikuwa wa tano.

Jumatatu iliyopita alirudi zamu imechelewa, kama saa mbili na nusu, kafyu ishaanza, polisi pale kizuizini wanampitisha kwa kitambulisho chake cha kazi, lakini akafika hapa akakuta mlango umefungwa. Akabisha. Akapiga simu. Ami alikuwa juu ya paa akiswali taraweh na wanaume wa nyumba tatu, tena wamesimama bega kwa bega, na ile karatasi haikusema kitu kuhusu hilo. Mimi nilikuwa dirishani namuona. Alikaa kwenye baraza ya nje, viatu vya kazi kavitia kwenye mfuko wa plastiki kavifunga fundo, na mkononi ana tende tatu kwenye karatasi sijui kapewa na nani, akawa anakula moja moja polepole. Alikaa mpaka karibu saa nne. Hakuinua macho hata mara moja, na mimi sikusema neno, hata kumwita sikumwita.

Na kuna sahani yake kwangu. Kabla ya hii karatasi tulikuwa twapelekeana, yeye si Muislamu lakini kila Ramadhani mimi humpelekea futari na yeye hunirudishia sahani na kitu ndani, mara chapati, mara ndizi. Ya mwisho ni yake, ya udongo ina maua ya buluu pembeni, iko kabatini kwangu wiki ya pili.

Sasa Ami kampa mpaka Idd awe katoka. Nilijaribu kumwambia Ami nataka kufuta sahihi yangu, akanambia ukifuta na wewe fungasha, kodi yangu iko wapi. Nauliza Shangazi, kweli wanaweza kumtoa? Na mimi je? Na nikiwa mkweli bado naogopa, kama yeye kweli analeta ugonjwa nikampoteza mama mkwe nitamwambia nini mume wangu? Na dada mwenyewe nitamtazama vipi usoni?

Mama wa ghorofa ya pili


Waaleykum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikaiweka, nikaenda nikaswali, nikarudi nikaisoma tena. Hasira ya kwanza ilikuwa juu yako, nakwambia kweli. Ya pili ikaenda mahali pake. Umeandika usiku na stima hakuna, hukujitetea, na ulichokiona dirishani umekisema kama ulivyokiona, kwa hivyo na mimi nitakujibu hivyohivyo.

Kabla ya nesi, kabla ya sahihi, kabla ya kodi, nataka tuanze na ufunguo. Wewe umeupitia mbiombio kama kitu kidogo, na mimi umenikosesha usingizi. Nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, familia saba, nyaya za stima zimetandwa juu kwa juu tangu enzi za babu zetu, watu wapika kwa makaa na gesi ndani, ngazi moja, mlango mmoja, na ufunguo mmoja kwa mtu mmoja ambaye saa mbili usiku yuko juu ya paa! Moto ukishika kule chini, mwanangu, nyote mtashuka mpaka mlangoni msimame hapo mukimngoja mtu aliyeko juu yenu apite kwenye moshi. Na tusiseme moto. Mwanao wa pumu akibanwa tena saa nane? Mama mkwe sukari ikishuka? Mwanamke akipigwa na mumewe ndani ya hizo nyumba saba, na miezi hii wengi wanapigwa, akitaka kukimbia aende wapi? (Na kama unamjua yuko hivyo mpe namba 1195 apige, ni bure.) Kafyu yasema watu wasitembee nje kuanzia saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, haikusema mtu afungiwe kama kuku, na mgonjwa wa dharura kafyu haimzuii kupelekwa hospitali. Kwa hivyo kesho, hata kabla hujalisema lile la nesi, lisemeni hili: mlango ufungwe kwa komeo la ndani ambalo mtu yeyote mzima aweza kulivuta bila ufunguo, na kama ni lazima kitasa, basi kila ghorofa iwe na ufunguo wake, utundikwe msumarini mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi ajua ulipo. Hili Ami hawezi kulikataa mbele ya watu na akabaki na uso. Anza nalo, kwa sababu hapa wapangaji nyote mko upande mmoja, na watu wakishakubaliana neno moja la pili huwa jepesi.

Sasa karatasi. Mimi sipingi nyumba kuwa na sheria, nasema hivyo kabisa, tena kwa nyumba kama yenu ningeshangaa msingekuwa nazo. Ugonjwa huu wapita kwa mate na pumzi za watu walio karibu karibu, mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea kwa kelele, na mtu aweza kuwa nao asijijue, na akishaambukizwa dalili zaweza kuchukua hadi siku 14 kutokea. Ngazi ya kujibandika ukutani ndo mahali penyewe. Kwa hivyo ile ya watoto wasicheze ngazini ni sawa, ya maji kwa zamu ni sawa ijapokuwa ndoo nne kwa nyumba yenye watoto na mgonjwa ni chache sana, tena wakati ambapo kila daktari atwambia tunawe mikono kutwa mara ishirini, sasa nawe na nini? Ya wageni ni ngumu na nafsi itauma siku ya Idd lakini ishikeni, isipokuwa muwaachie mlango wazi mkunga, anayeleta dawa, na mwenye mkokoteni wa maji akiletea watu mitungi. Na ile ya sahani nitairudia mwisho.

Lakini isome tena karatasi yako uone kitu. Sheria zote zile sita zasema mtu afanye nini. Chota kwa zamu. Anika kwa zamu. Usilete mgeni. Kila mmoja wenu aweza kuzifuata na kila mmoja aweza kuzivunja, hata Ami. Namba saba haisemi mtu afanye nini, yasema mtu awe nani. Huyo dada afanye nini ili aifuate? Avae barakoa mbili? Anawe mpaka ngozi itoke? Hata akifanya yote bado kaivunja, kwa kuwa tu anafanya kazi anayoifanya. Hiyo si sheria ya nyumba, mwanangu, hata iandikwe kwa wino wa dhahabu. Na chumba chake ndo cha juu kabisa, mtu wa juu asipopita ngazini apite wapi, aruke?

Halafu tazama nani aliyeachwa nje ya karatasi. Wanaume wa nyumba tatu wasimama bega kwa bega juu ya paa kila usiku, na misikiti yenyewe imefungwa tangu Machi kwa sababu hiyohiyo ya watu kubanana. Sisemi wasiswali, Allah atakabali, nasema kila mtu aswali kwake na watu wake, na kama ni paani basi familia moja moja na nafasi katikati. Nesi anaingia ndani peke yake, viatu kavifunga fundo kwenye plastiki kabla hajakanyaga ngazi yenu. Niambie wewe nani katika nyumba hiyo anachukua hadhari kuliko huyo.

Umesema waogopa na nashukuru hukuficha. Mama wa miaka 74 na kisukari, una haki ya kuogopa, wazee na wenye sukari ndo ugonjwa huu wawaonea zaidi, hilo ni kweli tupu. Sasa hofu hiyo ifanyie kazi. Mama alale chumba chenye dirisha na dirisha liwe wazi mchana, watoto wasimlalie mapajani siku hizi hata wakilia, wewe ukitoka dukani au tangini unawe kwanza ndo umguse, dawa zake za sukari hesabu zipo za siku ngapi usije ukakwama na vizuizi. Mama akienda tangini au paani, mtu mwengine avae barakoa na asubiri juu ya ngazi mpaka mama apite. Hayo yatamkinga. Kumtoa nesi hakumkingi, kwa sababu ninyi wenyewe mwaenda dukani, mwapanga foleni kwa maji, Ami apokea watu mlangoni, na ugonjwa hauulizi kitambulisho cha kazi.

Tena kuna jambo moja ambalo naomba ulisome taratibu. Siku mama mkwe akianza kukohoa, ndani ya nyumba yenye karatasi kama hiyo, utamwambia nani? Hutamwambia mtu. Utafunga dirisha jirani wasisikie kikohozi, utampikia tangawizi, utangoja. Na kila familia hapo itafanya vivyo hivyo manake washaona anayeshukiwa tu hufanywa nini. Watu hapa Mombasa washaogopa karantini vya kutosha, walisikia mtu akipelekwa alipishwa elfu mbili kwa siku, ndo mana Waziri wa Afya Mutahi Kagwe tarehe hiyohiyo 6 Mei akatangaza kwamba wanaowekwa karantini kwenye vituo vya serikali gharama itabebwa na serikali. Hofu ya pesa imepunguzwa, sasa hofu ya jirani mnaiandika wenyewe na kuibandika mlangoni. Nyumba ambayo mgonjwa anajificha ndo nyumba itakayougua yote. Andikeni badala yake kwamba yeyote atakayepata homa au kikohozi aseme kwenye grupu bila kuona haya, apige 719 ya Wizara ya Afya, abaki ndani, na wenzake watamwekea maji na chakula mlangoni kwake wabishe waondoke. Na mtu wa kuwaeleza hiyo kazi inafanywaje, mko naye, yuko ghorofa ya juu.

Waniuliza kama kweli wanaweza kumtoa. Hawawezi, si kwa njia hiyo. Mpangaji anayelipa kodi yake hatolewi kwa karatasi ya mlangoni wala kwa kura ya majirani, hupewa notisi ya maandishi, na akikataa kuhama ni korti inayoamua, Ami si korti. Kumkatia maji wala kumfungia mlango pia si halali. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya makazi na ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 27 chakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya afya, na yasema wazi kwamba si serikali tu, hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake. Na huyu hata mgonjwa si mgonjwa! Ami akishupaa, kuna wazee wa Nyumba Kumi, kuna imamu wenu ambaye neno lake Ami atalisikia, na kuna chifu. Anzeni kwa imamu, ndo ushauri wangu, mambo yakifika kwa chifu watu hukaa nyumba moja miaka kumi bila salamu.

Na wewe hivyohivyo. Deni la kodi ni deni, nalo usilikimbie, lakini lina njia yake na sahihi ina njia yake, Ami amezifunga pamoja kwa sababu ajua zikitengana hana cha kukushikia. Mwandikie mwenye nyumba mwenyewe Maskati, kwa adabu, umweleze mume amekwama Malindi tangu Aprili na biashara imefungwa, umtajie kiasi unachoweza hata kama ni mia tano kwa wiki, na uweke skrinishoti. Watu wa huko Ghuba nao wamefungiwa mwaka huu, wajua hali. Serikali haikufuta kodi za nyumba, usimwambie imefuta, mwambie utalipa na ulipe kidogo kidogo. Sidhani hata kama huyo mwenye nyumba anajua nduguye anafukuza mpangaji asiyedaiwa huku anayedaiwa anamlazimisha kutia sahihi. Kuwa anajua au hajui, barua yako itamfikia.

Sahihi huifuti kwa Ami mlangoni mkiwa wawili, kashakutisha mara moja atakutisha tena. Wewe ulikuwa wa tano, kwa hivyo wako wanne waliokutangulia na mmoja ama wawili walikutazama wewe ndo wakatia. Ongea na mwanamke mmoja tu kwanza, yule unayemuamini, mkiwa tangini au paani mkianika. Naapa utakuta na yeye halali vizuri. Mkiwa wawili mtapata wa tatu. Kisha uandike kwenye grupu, kwa maandishi, usitume sauti, sauti hukatwa ikasambazwa nusu. Andika hivi au kwa maneno yako: "Mimi wa ghorofa ya pili nilitia sahihi karatasi ya sheria. Sheria za ngazi, maji, na wageni nazikubali na nitazifuata. Namba saba naondoa sahihi yangu, nilikosea kuitia. Naomba tuiandike upya, na naomba dada wa juu atusaidie kuiandika kwa sababu ana ujuzi." Basi. Usimtaje Ami, usimtukane mtu, usieleze hadithi ndefu ya Februari hapo, hiyo ni yako na ya dada. Ami mwache mlango wa kupitia, mtu mzima akikosa mlango wa kurudi nyuma husonga mbele hata kwenye shimo. Aliogopa na yeye, ana umri, na ndugu yake kamwachia nyumba nzima mikononi, naona hata namba saba aliiandika akitetemeka.

Na karatasi mpya isiwe ndefu. Barakoa kila ukitoka mlangoni kwako. Anayepanda amngoje anayeshuka kwenye kituo cha ngazi, msipishane. Mlango wa paa na dirisha la ngazi viwe wazi mchana kutwa hewa ipite, hili mlisahau kabisa na ndo rahisi kuliko yote. Ndoo yenye koki na sabuni hapo mlango mkubwa, na zamu ya kuijaza iandikwe majina, manake ndoo ya watu wote hukauka siku ya pili. Komeo la mlango na koki ya tangi vipanguswe kwa maji ya sabuni asubuhi na jioni. Watoto wapewe paa saa nzima kila nyumba kwa zamu yake, mtoto hawezi kukaa ndani mwezi mzima bila kukimbia, mukimnyima paa atakimbia ngazini. Muulizeni dada kama nimeacha kitu.

Nimefika kwa dada mwenyewe sasa, nimejivuta makusudi.

Mwaka huu wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshautangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, mpango wa kabla ya ugonjwa huu kuenea, kwa kuwa ni miaka 200 tangu kuzaliwa Florence Nightingale. Siku yao yenyewe ilikuwa tarehe 12 Mei, ninyi mkiwa ndani ya kufungwa. Nafikiria alirudi saa ngapi siku hiyo, na karatasi ilikuwa ishabandikwa au bado.

Nenda kwake wewe kwanza, kabla ya kuandika kwenye grupu. Asije akasoma kwenye simu pamoja na watu wote. Nenda siku ambayo hana zamu, mchana, asiwe amechoka. Ile sheria ya sahani hata mimi naiona ilitiwa kwa wema na si mbaya, sahani hazina haja ya kuzunguka nyumba saba mwezi huu, lakini hii ni yake na ni amana. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, na sahani ya jirani hairudi tupu, wajua, kwa hivyo tia kaimati za moto ambazo zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, uzifunike na sahani nyengine. Vaa barakoa. Panda, iweke kizingitini, bisha, kisha ushuke vidato vitatu usimame hapo amuone aliyeleta.

Akifungua usianze na samahani ya jumla ya "tusameheane," si Idd bado na yeye hakukukosea. Mwambie jina la kitu. Mwambie nilitia sahihi, nilikuwa wa tano. Mwambie Jumatatu nilikuwa dirishani nikakuona na sikukuita. Hilo la dirisha ndo gumu na ndo hilo hasa, kwa sababu la sahihi ashalijua, kaisoma karatasi nyuma ya mlango kama kila mtu, lakini la dirisha hajui kwamba kuna mtu alimuona. Kisha nyamaza. Asipokujibu, sawa. Akifunga mlango, sawa pia, sahani imefika. Na akikuuliza mtoto aendeleaje na pumu, maana ndo watu wao walivyo, mjibu vizuri, umwambie na pampu yake imebaki kiasi gani.

Shangazi yako